Hatua Tisa Nyuma ya Jikoni

Jumatatu, 6 Januari
Nimekama alfajiri. Ng'ombe mwekundu amepunguza maziwa. Chai haikuchumwa, jalidi imeunguza majani ya bondeni.

Fundi Kamau amefika kutoka Sotik kuandaa uwanja wa nyuma. Kimaget, mwanetu aliye Marekani, ametutumia jakuzi, na tayari imeshushwa Mombasa. Jakuzi ni beseni kubwa, watu wanne huenea. Umeme hupasha maji, pampu huyasukuma yakukande mwili. Ni kwa ajili ya magoti ya mama yake. Rebeka, mke wangu, amechuma chai kwenye mteremko miaka thelathini, kikapu mgongoni. Daktari wa Longisa alisema maji moto kila siku.

Jirani yetu Arap Langat amechungulia juu ya ua, akauliza kama tunajenga dipu ya kuogeshea ng'ombe, na kama wazee watatangulia kuogeshwa au ndama. Rebeka amecheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka juzi.

Jumanne, 7 Januari
Jakuzi ikijaa maji huwa nzito kuliko gari dogo. Kwa hiyo haiwekwi juu ya nyasi. Udongo mweusi huondolewa, mawe hupangwa na kushindiliwa, kisha humwagwa zege. Ardhi ikiinama hata kidole kimoja, maji huegemea upande na beseni hupasuka. Kamau amenieleza haya nami nayaandika, kwa sababu napenda kukijua kitu mpaka mwisho wake.

Boma letu lote ni mteremko. Pana mahali pamoja tu palipo tambarare, nyuma ya jikoni. Kamau amepigilia vigingi vinne na kuzungusha kamba.

Nimeitazama ile kamba. Sikula mchana.

Jumatano, 8 Januari
Nimemwambia Kamau kwamba pale chini pana chemchemi. Uongo. Amechimba shimo la kujaribu pembeni, kina cha mkono mzima. Kavu. Akasema, "Mwalimu, hapa hata ukijenga kanisa litasimama."

Nikapendekeza kando ya zizi. Huko lazima tukate kilima na kujenga ukuta wa kuzuia udongo. Kimaget amepiga simu, akauliza kwa upole kama nimeanza kuzeeka. Nikasema ndiyo.

Rebeka anataka pale pale. Amesimama katikati ya kamba na bakora yake, akageukia mashariki, akasema akiwa majini ataona chai yote mpaka msituni. Ameshashona gauni la kuogea. La bluu, lenye mikono mirefu, maana yeye ni mama wa kanisa.

Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 9 Januari
Niandike. Hakuna anayesoma daftari hili.

Kabla ya Kimaget tulipata mtoto wa kiume. Aliishi siku tatu. Rebeka alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, homa imempanda, hajitambui. Nilimleta mtoto nyumbani nimemfunga kwa shuka. Mama yangu, Mungu amrehemu, akasema mzazi asionyeshwe mahali. Atalia hapo kila siku na tumbo lake litafunga. Wazee wetu hawakujenga makaburi. Mtoto mchanga alilazwa karibu na nyumba, bila alama. Na huyu hakuwa na jina. Kwetu jina huitwa na akina mama wazee: hutaja waliokufa wa ukoo, mmoja mmoja, mpaka mtoto apige chafya. Ambaye jina lake limefuatwa na chafya, huyo ndiye amerudi. Wetu hakuwa ameitiwa.

Nilichimba mwenyewe. Hatua tisa kutoka nguzo ya jikoni.

Rebeka alipopata fahamu nilimwambia hospitali imemzika. Nilimwogopa mama. Baadaye nikamwogopa Rebeka. Kisha ikawa miaka arobaini na moja.

Mpaka leo tukipita mbele ya hospitali ile, yeye huinamisha kichwa.

Kimaget ni jina la fisi. Hupewa anayezaliwa baada ya ndugu kufa, ili kifo kidhani ameshatupiwa fisi, kimwache. Nimewaeleza wanafunzi wengi maana ya jina hili. Nusu ya habari.

Ijumaa, 10 Januari
Kamau alianza kufyeka nyasi. Nimemwambia aende nyumbani mpaka nimwite. Amenitazama, akaosha jembe, akaenda.

Rebeka amekasirika. Mawe yamefika, fundi amefukuzwa, magoti yamevimba. Amesema kama nataka afe na maumivu niseme wazi.

Jumapili, 12 Januari
Baada ya ibada nimemwambia. Alikuwa jikoni kwenye kigoda, anachambua managu. Nilieleza kwa mpangilio, kama somo: mwanzo, katikati, mwisho. Sijui kueleza kwa njia nyingine.

Hakulia. Aliuliza ni wapi. Nikaonyesha kwa kidole kupitia mlango wa nyuma. Alitazama muda mrefu, mboga mkononi.

"Maji ya vyombo huwa namwaga wapi, Mwalimu?"

Aliweka mboga chini.

"Miaka yote hiyo namwagia mtoto wangu maji machafu. Na wewe umeketi hapo na redio."

Ni kweli. Nilikuwa nimeketi hapo na redio.

Jumatatu, 13 Januari
Chakula kimewekwa mezani. Hakuna neno.

Jumanne, 14 Januari
Hakuna neno.

Jumatano, 15 Januari
Leo ametaka nimwonyeshe hasa. Lakini jiko la zamani tulilibomoa tulipojenga hili la mawe. Nguzo haipo. Nilihesabu hatua tisa kutoka nilipodhani ilisimama, kisha nikahesabu tena kutoka pengine. Siku zile hatua zangu zilikuwa ndefu. Mara ya kwanza nikafika hapa, mara ya pili pale, na kati yake ungeweza kumlaza ng'ombe. Ilibidi nikiri kwamba sijui. Mimi, mwalimu wa hesabu.

Akauliza kichwa kilielekea wapi. Hilo nakumbuka. Mashariki.

Aling'oa vigingi vya Kamau, kimoja kimoja, ameegemea bakora. Nilipotaka kumsaidia aliusukuma mkono wangu. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba mtoto alikuwa na jina. Alimwita mwenyewe hospitalini, siku ya pili, kabla homa haijampanda. Peke yake, bila akina mama wazee. Mtoto akapiga chafya.

Nikauliza jina gani. Niliuliza haraka, kama mwenye haki.

"Wewe ulikaa na mahali," alisema. "Niache mimi nikae na jina."

Jumatatu, 20 Januari
Kamau amerudi. Nimemwambia akate kilima kando ya zizi, na nimemwambia sababu. Alivua kofia. Hata Arap Langat, aliyekuja na utani mdomoni, aliurudisha alipouona uso wangu.

Nimempigia Kimaget na kumweleza. Aliuliza kama mama analala vizuri. Mimi hakuniuliza kitu.

Jumamosi, 8 Februari
Zege imekomaa. Jakuzi imefika kwa lori na vijana wanane wa Roret wameibeba kutoka barabarani. Kamau amepima kwa pima maji pande zote, iko sawa kabisa.

Rebeka ameingia na gauni lake la bluu. Kutoka pale huoni chai wala msitu. Unaona ukuta na mgongo wa ng'ombe. Amekaa robo saa, akamwambia Kamau kwamba maji ni mazuri na Mungu ambariki. Alipotoka alishika bega langu kushuka ngazi. Bega tu, kwa sababu lilikuwa karibu.

Jumapili, 16 Februari
Magoti yake yamepungua kuvimba. Ametembea kwenda kanisani na kurudi bila bakora.

Mchana alichukua kigoda akaenda kukaa nyuma ya jikoni, pale kwenye nyasi. Mimi nilikuwa ndani, natafuta miwani. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia sauti yake, ndogo, kama ya mtu anayezungumza na aliye karibu sana. Nikatambua kwamba wakati wowote atalitaja.

Nimelitamani jina hilo mwezi mzima. Ningesimama tu pale, ningelisikia.

Nilitoka polepole kwa mlango wa mbele, nikashuka katikati ya chai mpaka mahali ambapo sauti ile ndogo haifiki. Nilikaa huko mpaka aliponiita, chakula kiko tayari.