Mkono Asioukosa Timamu

Juu ya duka la saa,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na mapacha, wameacha kung'atana? Safari hii nikikuuliza habari za afya usinijibu "salama tu" kama kawaida yako. Nataka jibu refu. Unalala vizuri? Unakula? Na mikono yako haijambo? Nauliza kwa dhati, sina utani, na sababu utaijua kabla hujamaliza kusoma.

Sisi huku hatujambo kiasi. Mama anatembea, anasali, anagombana na jirani wa chini kwa sababu ya kamba ya nguo, kwa hiyo ujue ni mzima. Duka nalifungua kila siku. Mwandiko utanisamehe. Najua umezoea herufi zangu zilizonyooka, na hizi ni za mtoto wa chekechea. Hilo nalo nitakueleza.

Miezi mitano imepita tangu tumzike Baba. Uliniuliza kwenye simu kama tumeshatoa vitu chumbani mwake. Hatujatoa, maana mpangaji wake bado yumo. Timamu namsema. Wewe ulimsikia kwa Baba tu, ukadhani mzee anatia chumvi. Hakutia hata punje.

Baba alikwenda kutengeneza saa ya ukutani kwenye shule moja. Mwalimu wa sayansi wa pale anafuga nyoka katika masanduku ya vioo, na wiki hiyo mayai ya chatu yalikuwa yameanguliwa. Kitoto kimoja kilitoka na kasoro. Kichwa kilikuwa kinayumba kushoto kulia, kinajipinda kama kizibuo, halafu kinageuka kidevu juu na kukaa hivyo hivyo. Mwalimu alitaka kukiua. Baba akakitazama, akautazama mkono wake wa kulia, ambao wakati ule ndio kwanza ulikuwa umeanza kucheza. Akasema, "Mwalimu, huyu nipe mimi. Tutatetemeka pamoja."

Akaja naye nyumbani ndani ya boksi la saa. Akamwita Timamu, eti kila nyumba inahitaji angalau mmoja mwenye akili timamu. Tangu siku hiyo, miaka minne kabla ya msiba, Mama akawa havuki kizingiti cha chumba kile.

Kumlea kuna kazi yake. Tawi la kupanda hawekewi, maana ataanguka. Bakuli la maji liwe na kina cha kidole kimoja tu, kwani akigeuka kidevu juu ndani ya maji hajui kurudi. Kila asubuhi inabidi umtazame kama amelala kwa tumbo au kwa mgongo, na kama ni mgongo umgeuze taratibu. Panya wake mwalimu anatuletea wamegandishwa, nao hukaa kwenye friji ya dukani chini ya soda. Tafadhali hilo lisiwafikie wateja.

Siku moja nilimuuliza mwalimu ugonjwa huu umetoka wapi. Akaniambia umo kwenye damu. Mama yake Timamu anao, ila kwake umejificha, humwoni akitikisika mpaka awe na njaa kali. Baba alikuwepo, akacheka sana, kisha akaenda kulala bila kula. Mimi nilidhani amechoka.

Sasa kuhusu kula. Mtu wa kawaida akimshikia Timamu panya kwa koleo, Timamu anakosa. Anarusha kichwa pembeni, anagonga kioo, anang'ata hewa. Mwalimu alishindwa naye, mimi nilishindwa naye. Baba peke yake ndiye aliyekuwa haangaiki. Mkono wake ukicheza, kichwa cha Timamu kinacheza, wanafuatana kidogo, na panya kaondoka. Mara moja tu, kila wiki, miaka minne. Mkono ule ulikuwa hauwezi tena kushika skrubu ya saa, na Mama alikuwa anammiminia chai nusu kikombe isimwagike, lakini mbele ya kile kioo ulikuwa mkono wa fundi.

Baba alipolazwa mara ya mwisho hakuniusia duka wala nyumba. Alisema, "Timamu asilale njaa. Ni yeye tu ambaye hakuniangalia mkono kwa huruma." Nikamwahidi. Unanijua nikiahidi.

Basi baada ya mazishi Timamu akagoma. Wiki ya kwanza, ya tano, ya ishirini. Nikavaa koti la Baba la kazini, labda anatafuta harufu. Wapi. Nikaanza kuutikisa mkono wangu kama Baba, nikajizoeza mbele ya kioo cha kabati kama mwendawazimu, hata nikahesabu mapigo kwa saa. Timamu alirusha kichwa mara mbili, akakosa, kisha akawa hata hajisumbui. Anageuza kidevu juu na kunitazama hivyo, macho hayo yasiyo na kope. Nilikuwa naona aibu mbele yake, kama mtu aliyekamatwa akidanganya.

Alikonda mpaka uti wa mgongo ukajichora. Mwalimu akaja kumpima, akasema, "Dada, tumpe mpaka Jumamosi. Asipokula nitamchukua nimpumzishe. Kumwacha hivi ni ukatili." Nililia mbele ya mwalimu wa watu, tena kwa ajili ya nyoka.

Alhamisi hii iliyopita, kama saa tisa mchana, nilipanda juu kujaribu mara ya mwisho. Nilikuwa nimekata tamaa. Sikuvaa koti, sikutikisa mkono. Nilimshika panya kwa koleo, nikamshusha ndani, nikawa nawaza nitamweleza nini Baba.

Timamu akainua kichwa. Kikatulia. Nakuapia, kichwa ambacho sijawahi kukiona kimetulia tangu kiingie nyumba hii, kilisimama wima, na hakikumtazama panya. Kiliutazama mkono wangu. Kisha kikaanza kuyumba polepole, kikanifuata, na panya akaondoka. Mara moja.

Nikapiga kelele za furaha. Nikamwita Mama, "Mama, njoo, amekula!" Mama akaja mbio, akavuka kizingiti bila kufikiri. Hakumtazama Timamu. Nikayafuata macho yake. Koleo tupu lilikuwa linagonga ukingo wa kioo, tik, tik, tik, na mimi sikuwa naligonga.

Niliushika ule mkono kwa mwenzake, ukatulia. Nilipouachia ukaendelea.

Nilijiambia ni mshtuko, ni njaa, ni msiba. Nikakumbuka skrubu zilizokuwa zinaniponyoka tangu mwezi wa nne, nami nalaumu taa ya mezani. Leo asubuhi nikaamua kuhakikisha, kama fundi. Panya nikamshika kwa mkono wa kushoto. Timamu akakosa mara tatu. Nikahamishia kulia. Mara moja.

Nikatoka kunywa chai. Mama alikuwa ameshanimiminia, nusu kikombe. Nikakitazama, nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alinijazia kikombe, nikashindwa. Ni muda mrefu. Nilikuwa nadhani anasahau, uzee. Nikamuuliza, "Mama, ulijua tangu lini?" Akasema, "Kunywa, mwanangu, itapoa." Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Sikutaka uusome mkono wangu kabla ya maneno yangu.

Usianze kununua tiketi kwa pupa. Jumatano nakwenda kwa daktari aliyekuwa anamtibu Baba. Mwalimu ananiambia nyoka si kipimo cha hospitali, na huenda yuko sahihi. Naogopa, sikufichi. Mikono hii ndiyo duka, na ndiyo kitu pekee ambacho Baba alikuwa akinisifia mbele ya watu. Lakini kilichonikosesha raha tangu asubuhi si mimi, ni wewe. Wewe ni kinyozi. Kila siku unashika wembe shingoni mwa watu, na unayo damu ile ile.

Mama anakusalimu sana. Anasema mapacha wavae sweta. Mama mdogo na jirani wa chini (kapatana na Mama wakati naandika haya) wanakusalimu. Nisalimie wifi yangu, mwambie picha zilifika. Mungu akutunze, azitunze kazi za mikono yako, na akurudishe kwetu salama mwezi wa kumi na mbili kama ulivyopanga.

Ukifika nitakupa koleo. Sitakuelekeza chochote. Wewe mshikie panya tu, mkono ulionyooka. Mimi na Mama tutasimama mlangoni. Nilimwahidi Baba kwamba Timamu hatalala njaa, lakini siku hiyo, Mungu anisamehe, nitakuwa naomba akukose.

Dada yako akupendaye,
wa mlango wa kijani.