Mabati Yangu ya Bluu

Nekesa mjukuu wangu,

Pokea salamu huko Kitale. Hapa Kamukuywa tuko salama, ng'ombe amezaa, ni huu mgongo tu unaonisumbua.

Umeniuliza kwa nini simsalimii jirani yetu Mzee Wafula, ilhali upepo ulipong'oa paa letu lote ndiye aliyetuchukua kwake. Ni kweli. Alinipa kitanda chake, yeye akalala chini. Mke wake alitupikia ugali mpaka mahindi yao yakaisha.

Asubuhi moja nikapita nyuma ya nyumba yake. Nikakuta zizi limeezekwa mabati ya bluu, na kijiji chote bluu ilikuwa yangu peke yangu! Nikamwuliza. Akasema, "Mama, si upepo ndio ulioyaleta? Mimi niliokota tu, bana."

Ati aliokota! Mimi nalala kwake, ng'ombe wake analala chini ya paa langu!

Angeniibia bila kunilisha, ningempeleka kwa chifu yaishe. Lakini ugali wake ulinifunga mdomo, na mpaka leo nikiliona lile zizi nageuza uso.

Wewe msalimie. Mimi nikifungua mdomo, sijui kama itatoka "asante" au "mwizi".

Kukhu wako