Hawakuyasafisha Maneno ya Bi Mize

Baba,

Amani ikufikie huko ulikotangulia. Kitabu kimetoka. Nimeona nianze na hilo, maana ungelikuwa hai usingenisikiliza jambo jingine lolote kabla yake.

Sisi hatujambo. Nyumba ya Micheweni imeezekwa upya upande wa jikoni, mimi bado nasomesha skuli ileile, na wanafunzi wako wa bara bado wanapiga simu. Mmoja kaniambia kwamba pale chuo kikuu walikuwa wakikuogopa kuliko mtihani. Ulikuwa ukimrudishia mtu hadithi yake na mstari mmoja tu pembeni: "Maneno yapo, mtu hayupo." Alicheka akinisimulia, lakini nadhani bado unamuuma kidogo.

Ndiyo maana nafurahi kila nikikumbuka yaliyokupata mwenyewe. Ulistaafu, ukarudi nyumbani, ukaandika hadithi yako ya kwanza baada ya maisha mazima ya kusahihisha za wengine, kisha ukaenda kumsomea jirani yetu, Bi Mize. Alikuwa barazani kwake akifunga mbegu za mwani kwenye kamba, nami kando namsaidia. Ulisoma karatasi zote mpaka mwisho. Akakaza fundo lake, akakutazama.

"Profesa, hawa watu wako mbona hawali? Tangu asubuhi wafikiri tu."

Siku mbili ulijifungia chumbani na karatasi zako. Siku ya tatu ulichukua daftari ukaenda kukaa kwake, safari hii si kumsomea, bali kumsikiliza yeye. Uliniambia baadaye kwamba uprofesa ulikuchukua miaka, lakini uandishi uliuanza siku ile.

Sasa nikwambie ya kitabu hiki cha mwisho. Mhariri alitaka wanawake wako wa pwani wazungumze Kiswahili sanifu, eti wasomaji wa mbali hawatawaelewa. Wewe ulikuwa kitandani tayari. Ukanishika mkono ukasema, "Usikubali wawasafishe." Nikaitikia. Wiki ileile ukatutoka.

Baba, nakiri kwamba nilikaribia kukubali. Mhariri alisema bila ya mabadiliko hayo hakitochapwa, na mimi niliogopa kazi yako ya mwisho isije ikaozea kabatini. Alinitumia sura moja aliyokwisha kuibadilisha, nione. Kabla ya kumjibu ndiyo, nikaenda kumsomea Bi Mize; kwanza kama ulivyoandika wewe, kisha kama alivyoandika mhariri. Ya kwanza alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Ya pili hakucheka hata mara moja. Mwisho akasema, "Mie humu simo. Huyu asoma taarifa ya habari."

Nilirudi nyumbani nikamwandikia mhariri kwamba sikubali. Nikamtumia na sauti ya Bi Mize, niliyoirikodi kwa simu akisimulia kisa kilekile kwa mdomo wake.

Miezi ikapita kimya. Nilikwenda skuli na kurudi nikijua nimekiua kitabu chako kwa mkono wangu, na sikuwa na wa kumwambia.

Kisha mhariri akapiga simu, mchana, nimo darasani. Alisema amemsikilizisha mkewe ile sauti, na mkewe hajapata hata kuvuka bahari kuja huku, na hakuomba afasiriwe neno. Alicheka palepale pa kuchekwa. Likabaki sharti moja, orodha fupi ya maana za maneno mwishoni mwa kitabu. Hilo nimelikubali. Najua ungenung'unika. Nisamehe, ni ukurasa mmoja na nusu tu.

Tulikisoma kwenye ukumbi wa skuli, watu wamejaa mpaka madirishani. Katikati ya sura ya tatu Bi Mize akasimama. "Hilo sikulisema. Hilo kaongeza Profesa." Ukumbi mzima ukacheka, naye akakaa, akajitengeneza kanga yake kama bibi harusi. Nilitamani ungekuwepo. Si kwa uchungu, Baba. Nilitaka tu uuone uso wake.

Na Mama. Hakuwahi kusoma hata kitabu chako kimoja; alikuwa akisema anakusikia kutwa, akusome tena kwa nini? Sasa kila baada ya sala ya alasiri anavaa miwani, anakaa mlangoni, anasoma ukurasa mmoja, anafunga. Mara nyingine namsikia akikujibu: "Haikuwa hivyo, bwana, ilikuwa mvua siku ile." Juzi alikuwa amebakisha kurasa chache amalize. Jana nikaona amerudi nyuma sura nzima, anaanza tena.

Basi, Baba, Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na alifanye kaburi lako kuwa pana. Nakuahidi kwamba maadamu mimi ni hai, hatakuja mtu kuyagusa maneno ya watu wako. Na Mama sitamharakisha. Asome apendavyo, arudi nyuma apendavyo.

Mngali mnazungumza.

Mwanao,
Salma