Nilipiga Hodi, Akafukuzwa Evodia

Optatus, mwoga mkubwa wewe! Barua yako nimesomewa mara mbili na mjukuu wangu Shamila, maana mambo ya kompyuta hayakuwepo darasa la nne nilipoishia. Wasomaji, isomeni nanyi, kisha niachieni mtu wangu.

*Mpendwa Bibi Zuleha, shikamoo. Naomba msaada kwa kuwa sili wala silali, mimi nafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Dodoma, tunapokea yale watu wanayoandika mtandaoni kuhusu kukosa maji, yanaingia papo hapo kama bomba lililo wazi, nasi tunawaelekeza wenye maboza ya maji mtaa wa kwenda, sasa wenye mtandao wametupa ufunguo mmoja, yaani namba ya siri ya kuingilia, na kwa ufunguo huo unaunganisha sehemu moja tu, ukiunganisha pengine ile ya kwanza inakatika, nami niliuchukua kwa siri nikaunganisha kompyuta yangu ya nyumbani ili nijifunze, ya ofisini ikakatika, na programu niliyoiandika mwenyewe nikaiita Hodi, inayotumika kote kuwili, nilikuwa nimeiamuru ikikatika tu iunganishe tena bila kungoja, basi ya ofisini ikawa inaikata ya nyumbani na ya nyumbani inaikata ya ofisini, maelfu ya mara, mpaka wenye mtandao wakatufungia, siku nne hakikuingia kitu, mitaa ikakaa mikavu, bosi akauliza nani alikuwa zamu, alikuwa Evodia, akafukuzwa mbele yangu, akanigeukia akasema, "Opta, sema basi, si wewe unayeijua hii kitu?" nikanyamaza, sasa amerudi kwao Mvumi na simu zangu hapokei, nifanyeje Bibi?*

*Optatus, Miyuji*

Marahaba. Unaiita programu Hodi, na hodi yenyewe hukufundishwa! Sisi tulilelewa hivi: hodi ya kwanza, ngoja. Ya pili, ngoja zaidi. Ya tatu kimya, geuka uende zako. Shamila anasema hata kompyuta hutakiwa hivyo hivyo, ikikataliwa ingoje, ikikataliwa tena ingoje maradufu. Wewe umegonga mlango wa watu kama mgambo, tena kwa mikono miwili, halafu unashangaa kufungiwa.

Hilo ningekucheka yakaisha. Kinachoniuma ni kinywa chako. Mtoto wa watu kakuomba neno moja, ukameza mate. Leo unaniambia huli! Evodia anakula?

Sikudanganyi kwamba atakusamehe. Huenda asikuitikie salamu mpaka mnazeeka, na kazi yako nayo naiona inaondoka. Iende. Simu yake iache, hata hiyo umeigeuza mlango wa kugongagonga.

Kesho asubuhi, bosi hajanywa chai, mpelekee kumbukumbu za kompyuta yako ya nyumbani zinazoonyesha saa ulizounganisha. Usifute hata mstari. Asiondoke mtu hapo mpaka iandikwe barua ya kumsafisha Evodia, na jina lako limo. Mama yake Evodia huko Mvumi bila shaka alimwona akirudi na begi kwa aibu. Basi ichukue barua hiyo, nenda Mvumi, uisome kwa sauti mbele yao wote wawili.