Mlango wa Ubavuni

Minto, Sydney
3 Machi 2024

Kaka Wekesa,

Bwana asifiwe. Mguu wako unaendeleaje? Na watoto, na mdogo wetu Nanjala? Mimi ni mzima, ila moyo hautulii.

Nimepata kazi ya kumtunza mama mmoja mzee, Mama Edith. Nyumba yake ilijengwa zamani kwa mtindo wa Kiingereza, ikiwa ya kasisi. Siku hizi ni ya familia yake tu. Kuta ni za mawe, paa limechongoka, na mabomba ya moshi manne hata kwa joto hili. Siku ya kwanza niliuogopa mlango wa mbele. Nikazunguka kutafuta wa jikoni, kama kwetu, nikabisha mlango mdogo wa ubavuni. Kumbe ni wa chumba cha kasisi! Baba yake Mama Edith ndiye kasisi wa mwisho kukaa humo. Mama Edith akafungua, akasema, "Keti. Nini kinakusumbua?" Nikalia kabla sijauliza jikoni ni wapi.

Mlango ule uliwekwa ili mwenye mzigo moyoni aingie bila kupita kwa watu wa sebuleni. Nikamkumbuka Nanjala, alivyomzika mtoto wake akaenda kwa mchungaji, akawakuta wanakwaya wamejaa sebuleni. Kufikia Jumapili kilio chake kilikuwa midomoni mwa kila mtu. Hajakanyaga kanisani tena.

Wewe ndiye fundi wa nyumba mpya ya mchungaji. Mwekee Nanjala mlango kama ule.

Dada yako,
Jerusha

Kimilili
20 Machi

Dada Jerusha,

Salamu nyingi. Mguu umepona, uzee ndio umekataa kupona. Wewe je, baridi haijaanza?

Nilipeleka neno lako kwa kamati ya ujenzi. Mzee Barasa akauliza kama huko Australia wachungaji hupokea wanawake kwa siri. Walicheka mpaka chai ikapoa. Ramani inabaki ilivyo. Nanjala hupita hapa kwenye ujenzi na mtungi wa maji, hageuzi shingo. Wiki ijayo napandisha ukuta wa ubavuni, bila mlango.

Kaka yako,
Wekesa

Minto
24 Machi

Kaka,

Mko salama? Mtoto wa Mama Edith ameuziba ule mlango kwa matofali, anahofia mama atatoka apotee. Sasa mama anaupapasa ukuta na kuniuliza, "Wenye mizigo bado wako nje?" Nafua, napiga deki, naomba, sikai mahali pamoja.

Usiuzibe mlango wa Nanjala.

Jerusha

Minto
15 Aprili

Kaka, hamjambo? Kimya chako kinanitisha. Ukuta umefika wapi?

Dada yako

Kimilili
2 Mei

Dada yangu,

Amani ya Bwana. Mama Edith anaendeleaje? Mpe pole.

Usinikasirikie. Niliacha nafasi ya mlango, kamati ikanisimamisha kazi. Kisha mchungaji mwenyewe akaja, akasimama kwenye nafasi ile kitambo. Akawaambia, "Mwacheni fundi. Wanaolia sebuleni kwangu huwa wanatazama miguu ya wageni, hawanitazami mimi."

Juzi nilimwaga saruji ya kizingiti. Nanjala akasimama na mtungi wake, akauliza ni mlango wa nani. Nikasema, "Jerusha ameuomba." Akaenda zake.

Jana asubuhi nilikuta nyayo mbili kwenye saruji, zimeelekea ndani. Namjua mwenye mguu ule. Sikuzilainisha.

Leo Nanjala ameniuliza kama umeandika. Tafadhali tujibu upesi.

Kaka yako,
Wekesa