Chewa wa Bibi Mwanaidi

Angelina, acha hivyo vyombo usome. Nimetoka kwa bibi hapa Mafiga sasa hivi. Bibi Mwanaidi huyuhuyu wa tasbihi!

Mwaka 76 babu Kondo alikuwa na tangi la samaki wa rangi sebuleni. Watu wamepanga foleni ya sabuni, yeye analetewa maji ya bahari kwa lori kutoka Dar! Na samaki anawachagua kama anatafuta mchumba. "Vitatange wawili hawakai tangi moja, Mwanaidi. Watauana."

Mwezi huohuo akamletea mke mwenza. Nyumba hiyohiyo. Hata kumuuliza hakumuuliza!

Bibi akampokea mwenzake, akampikia.

Babu alipokwenda semina Dodoma, bibi akamwagiza dereva wa lori amletee chewa aliye hai, yule samaki mla wenzake, tena mkubwa. Akamtia tangini kwa mkono wake. Akavuta kiti, akakaa kutazama. Siku tatu, shoga. SIKU TATU!

Babu anarudi, tangi halina hata mmoja. Mezani kuna samaki wa kukaanga, mnono.

"Samaki wangu wako wapi?"

Bibi akamsogezea sahani. "Kula, bwana. Wote wamo humo."