Mbegu za Muyama na Tovuti Tatu

Jumatano, 15 Oktoba 2014. Kasulu

Umeme umekatika tena, nikiwa katikati ya kusoma barua pepe. Mwenye kafe anasema jenereta haina mafuta. Nimerudi na hasira zangu.

Msimamizi wangu wa utafiti karudisha sura ya pili. Maandishi mekundu pembeni: Nani aliandika haya? Lini? Alijuaje? Kisa ni ile aya yangu tamu kuliko zote, kwamba kijijini Muyama wasichana huzuiwa shule msimu wa kupanda maharage mpaka mganga abariki mbegu. Utafiti mzima umesimama hapo. Na nimeikuta kwenye tovuti tatu. Tatu! Anataka nini zaidi?

Kuwasilisha ni mwisho wa mwezi. Nikikosa, mpaka mwakani. Bila shahada sihamii kufundisha sekondari, na ile nafasi ya Muheza atapewa mwingine. Mwanangu Zuhura yuko huko kwa bibi yake tangu hajaanza shule. Sasa yuko darasa la pili. Sikosi. Nimesema sikosi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wakati wa chai nimemsomea Nestory ile aya. Tunafundisha naye, kwao Muyama. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akanuna. "Mganga gani, Mama Zuhura? Mbegu tunapeleka kanisani, anabariki padri. Jumapili! Shule gani hiyo ya Jumapili?"

Ofisi nzima kicheko. Mimi Mwislamu wa Tanga, ya kanisani ningeyajulia wapi? Nimeona haya, halafu nikakasirika. Nani asiyetetea kwao? Mwamba ngoma huvutia kwake.

Ijumaa, 17 Oktoba

Baada ya swala, kafe. Nimezifungua zote tatu kwa pamoja. Maneno yale yale, koma zile zile. Ya pili imenakili ya kwanza, ya tatu imenakili ya pili. Kumbe si mashahidi watatu, ni mmoja kavaa kanzu tatu. Na huyo mmoja hana jina.

Eti alifika Muyama, "Wilaya ya Buhigwe", miaka ya themanini. Buhigwe! Wilaya imemegwa kutoka Kasulu juzi tu, mimi nipo hapa hapa. Labda mtu kabadilisha jina la wilaya baadaye. Labda. Najidanganya, najua.

Jumapili, 19 Oktoba

Muyama kwa bodaboda. Vumbi mpaka kwenye kope. Nestory kanikabidhi kwa dada yake, Leokadia. Nimekaa nje ya kanisa na ushungi wangu, nachungulia dirishani. Kina mama wamekuja na mbegu kwenye vikapu, wanasalimiana kwa Kiha huku wakipiga makofi taratibu. Padri akanyunyiza maji, kwaya ikaimba. Basi. Hakuna mganga wala nini.

Nikamuuliza Leokadia, wasichana hukosa shule msimu huu? Hukosa, kasema, ila si mila. Mama akiwa shambani, mtoto mchanga atabebwa na nani?

Jambo lenyewe jepesi hivyo. Lakini na yeye ni mmoja tu. Inabidi niulize wazazi wengine, nyumba kwa nyumba. Kazi niliyopaswa kuanza nayo. Mjinga mimi.

Jumanne, 21 Oktoba

Situlii. Nakaa, nasimama. Msimamizi yuko mbali, Muyama hajawahi kuiona. Nani atajua? Nimechapa jibu: vyanzo vitatu vinakubaliana. Nimelifuta. Nimelichapa tena. Leo nimemfokea mwanafunzi kwa kuangusha chaki. Chaki!

Najichukia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Bado sijalituma. Bado sijalifuta.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimeifuta aya yote. Tovuti, mganga, kila kitu. Nikawazia watu wa Muyama wakiitwa washirikina kwenye kitabu chenye jina langu, na mtu mwingine akija kuninakili mimi. Imenishinda.

Sura imebaki mifupa. Nimemwandikia msimamizi kwamba nahitaji kuwahoji wazazi, Muyama na Nyakitonto. Kajibu upesi: "Umefanya vizuri. Basi utawasilisha mwakani."

Nimefanya vizuri! Nimejifungia choo cha walimu nikalia. Nje watoto wanacheza, hawana habari.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Nimefua kidogo, nimeanika ndani. Nestory kapita kuniambia shemeji zake wa Nyakitonto wamekubali kuhojiwa. Nimemshukuru.

Jioni nimempigia Zuhura. Kasoma hadithi yake ya shuleni yote kwenye simu, bila kukwama. Halafu akauliza nakuja lini kukaa. Nikamwambia mwakani.

"Nani kasema?"

Mimi, nikamjibu.

"Mwaka jana pia ulisema wewe."

Nikamwambia ampe bibi simu.